Aliyekuja Kutibu, Si Kupima: Mama Daktari wa Mahenge na Kifafa Chetu

Hivi majuzi nilikwenda Mata, huko upande wa Taveta, kuhudhuria hitima ya rafiki yangu wa miaka mingi. Aijuaye njia ile anajua kwamba ukisha iacha Voi na kuipita Mwatate, unasafiri na milima ubavuni na nyika mbele yako mpaka ufike mpakani, na Ziwa Jipe halipo mbali. Watu wa kule ni wakarimu. Wataveta, Wataita, Wakamba, Wapare na sisi wa pwani tulikaa jamvi moja, tukasoma, tukaomba dua, kisha sinia za pilau zikaletwa.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halijanitoka kichwani. Watu walikula watano watano kwa kila sinia, ila kijana mmoja, umri wake kama miaka kumi na minne, alikaa peke yake karibu na ukuta na sahani yake ya bati. Nilidhani ana haya. Kabla hajamaliza kula, alitoa sauti moja kali, akaanguka, mwili ukakauka, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika. Watu wakatawanyika. Mmoja akapiga kelele, "Msimguse! Mate yake yanaambukiza!" Mwingine akatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Mama yake alikuja mbio kutoka uwani, akaivua leso yake ya juu na kuiweka chini ya kichwa cha mwanawe.

Na mimi, msomaji wangu, niliyekhitimu Korani nikiwa mdogo, niliyeandika mashairi ya huruma na utu kwa zaidi ya miaka thelathini, nilifanya nini? Nilirudi nyuma hatua tatu. Naandika haya ili tusije tukadhani kwamba makala haya yanawasema wengine tu.

Mambo yalipotulia, yule mama akanijia. "Shekhe," akaniambia, "wewe umesoma. Niambie, mwanangu ana nini?" Akanieleza kwamba ameuza mbuzi, ameuza hata cherehani, ameandikiwa makombe na amefukiziwa buhuri. Skuli wamemwambia amweke nyumbani kwa sababu anawatisha wenziwe. Nilimjibu, "Subira, mama." Jibu hilo lilikuwa la mtu asiyejua. Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta jibu lenyewe, na katika kutafuta huko nikakutana na habari za mwanamke mmoja aliyekwisha ulizwa swali hilo hilo, kwa lugha yetu hii ya Kiswahili, zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Mwanamke huyo ni Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, mwaka 1931. Alisomea udaktari, kisha akasomea maradhi ya nchi za joto huko Basel, Uswisi. Akiwa bado kijana alikuja Tanganyika kabla ya uhuru, akafika milima ya Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, kwa Wapogoro. Mwaka 1961 alifanya kazi pia na Albert Schweitzer katika hospitali yake mashuhuri ya Lambaréné, Gabon. Lakini jina lake katika elimu ya ubongo halikutoka Lambaréné. Lilitoka Mahenge, na lilitokana na neno moja la Kiswahili: kifafa.

Lisikilizeni neno lenyewe, wasomaji. Ndani yake tunasikia kufa. Huko Mahenge aliwakuta watu wanaofichwa na jamaa zao, wanaolala kibanda cha peke yao, wanaokula chombo cha peke yao, kwa sababu iliaminika kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mtu akiangukia moto, walio karibu waliogopa kumvuta, kwa hiyo wengi walikuwa na makovu ya kuungua. Wengine walizama mitoni. Nilipoyasoma hayo niliiona tena ile sahani ya bati kule Mata. Miaka zaidi ya sitini imepita, na sahani bado ni ile ile.

Bibi huyu hakusema, "Hawa ni watu wa giza, niwaache." Alifungua kiliniki ya kifafa pale pale Mahenge, akawapa wagonjwa dawa iitwayo fenobabito. Dawa hii si ngeni wala si ya matajiri. Ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 huko Ujerumani, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za maradhi haya. Alikaa na wagonjwa, akawauliza na kuwasikiliza, na akataka kujua waganga wa kienyeji wanasema nini. Mwaka 1965 aliandika utafiti uliokipeleka kifafa cha Mahenge mbele ya wataalamu wa dunia. Yeye na mumewe, Wolfgang Jilek, daktari wa maradhi ya akili, walihamia Kanada, wakafanya kazi miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi ile katika jimbo la British Columbia. Mwaka 1979 akatoa kitabu kuhusu maisha yake ya udaktari Afrika. Lakini Mahenge hakuiacha. Alirejea mara kwa mara, na mwaka 1992, pamoja na daktari Mtanzania Henry Rwiza, alichapisha habari za wagonjwa 164 wa kiliniki ile waliofuatiliwa kwa muda wa miaka thelathini.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hesabu hizo zina mafunzo mawili. La kwanza ni la furaha: zaidi ya nusu ya wagonjwa hao waliacha kabisa kuanguka walipokuwa wakitumia dawa, na wengi wa waliobaki walipata nafuu. La pili ni la huzuni: kati ya wale 164, watu 110 walikuwa wameshafariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilivyojulikana sababu vilitokana na kifafa chenyewe, kwa kuanguka mfululizo bila kupumzika, au kwa maji, au kwa moto. Basi dawa inafaa, lakini dawa peke yake haimwokoi mtu ikiwa jirani hatamvuta motoni.

Sasa niseme kwa nini namtukuza bibi huyu, na huku mimi si mwepesi wa kuwasifu wageni. Elimu ya ubongo iliingia Kenya kwa mlango mbaya. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa Nairobi, F. W. Vint, alichukua bongo za Waafrika waliokufa, akazipima na kuzitazama kwa darubini, na mwaka 1934 akaandika katika jarida la Uingereza kwamba bongo hizo zimepungukiwa zikilinganishwa na za Wazungu. Baada yake J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani lenyewe, akimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hiyo ndiyo iliyoitwa elimu! Leo hakuna mtaalamu wa maana anayeitetea, lakini wakati wake iliwapa watawala hoja ya kutunyima skuli na kura.

Kwa hiyo tumepata kuwajua wataalamu wa ubongo wa aina mbili. Wa kwanza alitaka ubongo wetu uwe juu ya mizani. Wa pili alitaka mwenye ubongo ule asianguke motoni. Wote walisoma vyuo vikuu, wote waliandika kwa Kiingereza safi. Waliachana katika swali walilokuja nalo. Mmoja aliuliza, "Hawa wamepungukiwa na nini?" Mwingine aliuliza, "Huyu anaumwa na nini?" Elimu haimfanyi mtu kuwa mwema, nia yake ndiyo inayoifanya elimu iwe neema au nakama. Na kila tendo, kama tulivyofundishwa tangu chuoni, hupimwa kwa nia.

Hata hivyo, sipendi sifa zisizo na hesabu. Katika kichwa cha habari cha andiko lake moja la baadaye, aliuita ugonjwa huu maradhi ya kabila. Hapo Mama Daktari nampinga, na kinachompinga zaidi ni elimu iliyokuja baadaye. Yeye mwenyewe aliona jambo la ajabu Mahenge: watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, na baadaye wakapata kifafa kikubwa. Miaka mingi baadaye, watoto wa namna hiyo hiyo walionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, kwa watu wasio Wapogoro wala jamaa zao. Wakatafuta wanachoshirikiana, wakakuta mito yenye maji ya kasi, na wale inzi weusi wadogo wanaoishi mitoni na kueneza minyoo ya usubi, ugonjwa unaopofua macho. Watafiti, wakiwemo Watanzania kama Bruno Mmbando wa Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanga, wamerudi Mahenge na kuonyesha jinsi kifafa na usubi vinavyofuatana. Namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa, lakini jambo moja limekwisha kuwa wazi: maradhi hayo yalifuata mto, hayakufuata ukoo. Ugonjwa hauna kabila, wasomaji. Na anayesema kifafa ni cha nyumba fulani, asiwaoe wala asiwaozeshe, anawadhulumu watu.

Basi kifafa ni nini? Ubongo una chembe nyingi mno, na chembe hizo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Mjerumani Hans Berger aliuandika umeme huo kwa mashine na kuutangaza mwaka 1929, na tangu hapo madaktari waliweza kuuona kwenye karatasi. Fikirini matari ya maulidi. Kila mpigaji ana zamu yake na mdundo wake, ndipo sauti ikapendeza. Sasa fikirini wote wapige kwa pamoja, kwa nguvu, bila mpango. Hapo hakuna maulidi tena, kuna ghasia. Mtu anapoanguka kifafa, chembe za ubongo zimepiga pamoja namna hiyo. Dawa kazi yake ni kuzituliza, kila moja irudi katika zamu yake.

Sababu ni nyingi. Kuna mtoto aliyecheleweshwa wakati wa kuzaliwa akakosa pumzi. Kuna aliyeumia kichwa. Kuna malaria kali inayopanda ubongoni. Sisi wa pwani tuna neno dege, na wazee wetu walisema ndege mkubwa amepita juu ya mtoto. Watafiti wa Kilifi, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1989 kando ya hospitali ya wilaya, wameonyesha kwamba mtoto akinusurika na malaria ya ubongo, hatari ya kupata kifafa baadaye huongezeka. Kwa hiyo mtoto mwenye homa akipata degedege, mpelekeni hospitali siku ile ile. Ndege huyo mnayemngoja apite ni mbu aliyekwisha uma.

Kuna na sababu nyingine ambayo Waislamu huipuuza: tegu la nguruwe. Utasikia mtu akisema, "Mimi nguruwe simli, hilo halinihusu." Sivyo. Mayai ya tegu hilo hutoka katika kinyesi cha mtu aliyekula nyama ile, yakaingia katika maji, mboga na mikono isiyooshwa. Ukiyameza, viluwiluwi vyake vyaweza kufika ubongoni, nawe hujaigusa nyama yenyewe maisha yako yote. Usafi ambao dini ilitufundisha ndio kinga.

Najua wako watakaosema, "Bwana huyu anataka kutukanushia majini." La. Majini yametajwa katika Kitabu, nami nayaamini kama mnavyoyaamini. Lakini wanazuoni wetu hawakuwa wavivu wa kupambanua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiweka sara, yaani kifafa, miongoni mwa maradhi ya kichwa katika Qanun yake, akaieleza kwa kitabibu. Ibn al-Qayyim naye alisema sara ni mbili, moja ya pepo na moja ya mwili, na ya mwili ni kazi ya matabibu. Basi mbona sisi, tunaojiita wafuasi wao, kila aangukaye tunamfanya wa pepo?

Na iko hadithi sahihi ambayo kila mwalimu wa chuo anaijua, ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamshitakia kwamba huanguka, na akianguka hufunuka mwili. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Tazameni mafunzo yaliyomo. Hakufukuzwa. Hakuambiwa akae ukutani. Alisikilizwa, na lile lililomwumiza zaidi, yaani kuvunjiwa heshima mbele za watu, ndilo lililotatuliwa. Ibn Abbas alimwonyesha Ata kuwa ni mwanamke wa Peponi. Sisi tungemwonyesha mtu kwa kidole na kusema, "Huyo ana kifafa, usikae karibu."

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepata matibabu yanayofaa. Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika sehemu tano za Afrika, kifafa cha kutikisika mwili kilikadiriwa kuwapata watu karibu 8 katika kila 1,000 huko Kilifi, na karibu 15 katika kila 1,000 huko Ifakara, jirani na Mahenge. Na uchunguzi wa Kilifi wa 2012 ulikuta kwamba watu 6 kati ya 10 wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Dawa ya mwaka 1912!

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa serikali za kaunti zetu, Taita Taveta na za pwani zote: fenobabito isikosekane katika zahanati hata mwezi mmoja, maana mwenye kifafa akikatishiwa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo na kufa. Mama wa Mata asilazimike kupanda gari hadi Voi na kuambiwa arudi wiki ijayo.

Kwa mashehe, maimamu na waganga: someni dua, hakuna awakatazaye, lakini mkisha soma semeni, "Sasa nenda hospitali." Na mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani amwulize daktari kwanza, kwani dawa nyingine humezwa mara moja tu usiku, na asiyeweza kufunga kwa maradhi dini imempa ruhusa. Asiache dawa kwa kudhani anamcha Mungu.

Na kwetu sisi sote: mtu akianguka, ondoeni vitu vya hatari, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu mate yatoke, na msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Msimkamate kwa nguvu. Kaeni naye hadi azinduke. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali. Mate yake hayaambukizi. Mleni naye sinia moja.

Nilimpigia simu yule mama wa Mata. Nikamwambia, "Mama, nilikujibu kijinga siku ile. Mwanao ana maradhi ya ubongo, na yana dawa." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo si mimi niliyekosa?" Nikamjibu, "Si wewe, mama." Kumbe swali alilokuwa nalo siku zote ni hilo. Sasa kijana anahudhuria kiliniki. Skuli bado hawajamrudisha, nasi tunalifuatilia.

Mama Daktari wa Mahenge alitoka Norway kuja kutufundisha kumvuta mtu motoni. Si aibu kufundishwa. Aibu ni kufundishwa miaka sitini na kubaki palepale. Nafunga kwa ubeti huu, nilioutunga ndani ya gari nikirudi kutoka Mata:

Kifafa si ushetani, ni maradhi ya ubongo,
Mgonjwa mtie ndani, simfungie mlango,
Mle naye siniani, mwepushie masimango,
Dawa na dua kinywani, ndio njia si uongo.

Wassalaam.